Leo tumeona kinachombana mama kifua

Ndiyo kwanza tunatoka hospitali.

Mama katibiwa pumu muda mrefu. Pampu haimsaidii, kifua kinapiga filimbi upande mmoja tu, na nimonia ikipona inarudi palepale. Eksirei ilisomeka safi. (Kumbe uvimbe mdogo ndani ya njia ya hewa unaweza kujificha kabisa kwenye eksirei!)

Leo kapigwa siti-skani.

Daktari akatuita kwenye skrini. Kiuvimbe cha mviringo, kingo laini, kimeziba njia ya hewa ya pafu la kushoto. Moyo ukanienda mbio.

Akaweka kishale katikati yake. Namba inayoonyesha kitu kilivyo kizito au chepesi ikasoma chini ya sifuri.

“Hayo ni mafuta,” akasema. “Maji husoma karibu na sifuri, nyama juu yake. Saratani kwa kawaida haina mafuta ndani.”

Pembeni, vidoa vyeupe vya chokaa kama bisi. Anahisi ni hamatoma, uvimbe usio saratani.

Ile namba hasi niliikodolea macho mpaka mama akacheka.

Bado atapitishiwa kamera achukuliwe kinyama kikapimwe, maana picha peke yake haimalizi kesi.

Nani kapitia kipimo cha kamera ya mapafu? Mama anauliza kama inauma. Mjibuni hapa, nitamsomea.