Zamu ya mchana leba: mtoto anachukua nini kwa mama?

Saa 11:40 alfajiri
Chai ya rangi, mahamri ya jana, bodaboda. Mimi ni mkunga katika hospitali moja ya Pwani ya Kenya, na wiki hii niko zamu ya mchana. Pete ya ndoa inabaki kabatini na kucha ni fupi. Mikono yangu mara nyingi ndiyo ya kwanza kumgusa mtoto, na sitaki aanze maisha na bakteria wa usukani wa pikipiki.

Saa 12:30 asubuhi
Wenzetu wa usiku wanakabidhi huku wakipiga miayo. Kitanda cha dirishani: mimba ya kwanza, chupa imepasuka jana saa sita mchana, njia imefunguka sentimita 5, hana homa. Nahesabu: saa 18 zimeshapita. Hapo hatungoji homa ije, tunaanza antibiotiki ya mshipa.

Mama mkwe wake anashtuka. "Sista, kwani ana ugonjwa?"

"Hana, mama. Huenda ana wadudu ambao kwake hawana neno. Lakini chupa ikishapasuka muda mrefu wanaweza kupanda hadi kwa mtoto, na kwake wana neno."

Tunayemwogopa zaidi hapo ni bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi B. Watafiti wa Kilifi waliwapima karibu wanawake 8,000 waliokuja kujifungua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba asilimia 12 walikuwa naye. Mwanamke anaweza kuishi naye bila kujua, wala hajakosea popote. Mtoto akimpata vibaya, anaweza kuzidiwa siku hiyo hiyo ya kwanza. Sisi hatuwapimi akina mama wote, kwa hiyo tunafuata dalili za hatari: chupa iliyopasuka zamani, homa, mimba isiyotimia. Naanza na huyu kwa sababu siku hizi nasikia sana kwamba bakteria wote wa mama ni baraka. Wengi wao ni kweli. Kazi yangu ni kuwaachia njia hao wengi na kumfungia huyu mmoja.

Saa 2:15 asubuhi
Mama wa watoto watatu anakuja mbio kumzaa wa nne. Anasukuma, choo kidogo kinatoka, anaficha uso kwa leso. "Nisamehe, sista." Karibu wote huomba radhi hapa, nami huwajibu wote vilevile: tulia mama, hii ni kazi ya kila siku. Napangusa kuelekea nyuma, nabadilisha glavu. Kichwa kinatoka, uso umeelekea mgongoni kwa mama kama ilivyo kawaida, pua na mdomo vikipita hapo hapo tulipopapangusa.

Usafi wetu haumalizi kila bakteria, na haikusudiwi umalize. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliowafuata watoto karibu 600, ulikuta kwamba waliozaliwa kwa njia ya kawaida walikuwa na bakteria wengi wa utumbo wa mama, hasa jamii ya Bacteroides. Wa ukeni, tuliozoea kudhani ndio urithi mkuu, hawakuonekana kuwa na mchango mkubwa. Yaani kile kinachowatia aibu akina mama ndicho kimebeba sehemu kubwa ya urithi. Simwambii hayo akiwa bado anasukuma! Namwambia baadaye, naye anacheka hadi anashika tumbo.

Mtoto tunamkausha, tunamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, leso juu yao wote wawili. Kuoga ni kesho. Titi ndani ya saa moja.

Saa 4:30 asubuhi
Thieta, chumba cha upasuaji. Mapigo ya moyo ya mtoto mmoja yameshuka na hayarudi, mama anapelekwa kupasuliwa. Kabla ya kisu anachomwa antibiotiki ili kidonda kisioze, na sehemu ya dawa hiyo humfikia mtoto kupitia kondo. Njia ya kawaida hapiti. Anayempokea ni hewa ya thieta, mikono yetu na nguo za hospitali. Ule utafiti wa 2019 uliwakuta watoto wa upasuaji wakiwa na upungufu mkubwa wa Bacteroides, na badala yake wana bakteria wa kawaida wa hospitalini, wakiwemo Enterococcus na Klebsiella. Huyo wa mwisho mtu yeyote aliyefanya kazi wodi ya watoto wachanga anamjua kwa ubaya wake.

Wodini, mwingine aliyepasuliwa jana ananiita karibu. Amesoma kwenye simu kwamba mtoto anaweza kupakwa majimaji ya ukeni kwa shashi ili apate alichokosa. Anataka nimsaidie, na anasema kwa sauti ya mtu aliyeiba.

Nakaa kitandani kwake. Namwambia kwamba tangu mwaka 2017 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kimeshauri jambo hilo lisifanywe nje ya utafiti, maana shashi haichagui: humbeba aliye mwema pamoja na yule wa kundi B, pamoja na virusi vya malengelenge. Finland walijaribu njia nyingine, wakawapa watoto 7 wa upasuaji kinyesi kidogo sana cha mama kilichochanganywa na maziwa, baada ya vipimo vingi, na bakteria wao wakafanana na wa watoto waliozaliwa kawaida. Hiyo ni maabara, si wodi yetu. Halafu namwambia ninaloliamini mwenyewe: upasuaji ulimwokoa mwanawe, na tofauti nyingi hizo hupungua mtoto akikaribia miezi 6 hadi 9. Mlango mmoja umefungwa, kifua chake kiko wazi. Tunamgeuza ubavu kidonda kisimuume, mtoto anashika titi.

Saa 7:40 mchana
Wali na maharagwe, wima.

Saa 8:20 mchana
Chumba cha kangaroo. Mama anakaa kitini, mtoto wa kilo 1.5 amefungwa kifuani kwa leso, kofia tu inaonekana. Wageni hudhani tunafanya hivi kwa kukosa mashine za joto. Shirika la Afya Duniani liliendesha jaribio Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Walioanza kangaroo mara baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12, wale waliongojea hadi hali itulie asilimia 15.7. Jaribio lilisimamishwa mapema, matokeo yakatoka 2021. Maambukizi ya damu nayo yalipungua, na watafiti walitaja sababu ambayo kila mkunga angeikisia: mtoto anapata bakteria wa ngozi ya mama mapema na anashikwashikwa kidogo na sisi wengine.

Kwa hiyo hapa ninaosha mikono kuliko popote, na nikiweza kutomgusa, simgusi.

Saa 10 jioni
Wageni. Hawe mmoja, yaani bibi, ametoka kijijini Ganze na kichupa cha maji ya sukari, kwa kuwa "maziwa hayajashuka". Namkalisha, nakamua tone la maziwa ya mwanzo, ya manjano mazito, namwonyesha kwenye kijiko.

"Hiki tu, mwanangu?"

"Hiki tu, hawe. Tumbo lake lenyewe ni dogo."

Maziwa ya mama yana sukari za aina nyingi ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya hata kidogo, na kwa wingi ni za tatu baada ya laktosi na mafuta. Maziwa ya mwanzo ndiyo yanazo zaidi. Mlaji wake ni bakteria aitwaye Bifidobacterium, ambaye Henry Tissier alimwona mwaka 1899 pale Paris, kwenye choo cha watoto wanaonyonya. Akila, anatia utumbo uchachu, na wengi wa wale wabaya hawaupendi uchachu. Ndiyo maana choo cha anayenyonya tu kinanukia uchachu, hakivundi. Hawe anasema hilo la choo analijua, amelea tisa. Kichupa kinarudi kwenye kikapu.

Kitanda cha tatu wanataka tahniki, yaani mtoto apakwe tende iliyotafunwa mdomoni; babu ana tende mfukoni. Dini sibishani nayo. Naomba titi litangulie, vidole vioshwe kwa sabuni, na mwenye kikohozi au vidonda vya mdomo asiwe yeye.

Saa 12:30 jioni
Nakabidhi. Yule wa dirishani amejifungua salama, mtoto analia vizuri, ananyonya. Naandika apimwe pumzi na joto usiku kucha, na aliyeingia zamu namsomea kwa sauti ili lisipite.

Saa 2:10 usiku
Wifi yangu anapiga simu. Mtoto wake wa miezi minne anaharisha tangu asubuhi, na ameshanunua amoksilini dukani bila cheti. Nauliza: kuna damu? Homa? Ananyonya? Hakuna, hana, ananyonya. Basi chupa hiyo usiifungue, itawaua na wale wanaomlinda. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, kesho asubuhi nenda zahanati wakupe maji ya chumvichumvi na zinki, na akikataa titi au macho yakibonyea usingoje kesho.

Ananyamaza kidogo, kisha anauliza kama duka litamrudishia pesa zake.

Namwambia ajaribu, ila risiti aende nayo.