Seli inayotengeneza kingamwili haikimbii ovyo, inajua kusubiri

Kuna kitu nimekuwa nakisoma wiki nzima na bado hakijanitoka kichwani. Seli B, moja ya chembe nyeupe za kinga, ikiamka na kugeuka seli ya plazma inaanza kumwaga kingamwili, zile protini za kupambana na vijidudu, maelfu kwa maelfu kila sekunde, na wengi wetu tunaishia hapo kwenye spidi, wakati kwangu mimi utamu wenyewe uko kwenye breki.

Kingamwili ya kawaida, ile IgG, ina minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi. Sasa mnyororo mzito ukitoka peke yake hauruhusiwi kwenda popote, kuna protini inaitwa BiP inaukamata humo humo ndani ya retikulamu, sehemu ya seli inayokunja protini, inaushikilia mpaka mwepesi aje waungane, na asipokuja basi ule mzito unarudishwa nje kwenye saitoplazimu, ule ujiuji wa seli, unakatwakatwa na proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini. Yaani hakuna kutoka nusu nusu!

Halafu maandalizi sasa. Ndani ya utando wa retikulamu kuna kihisi kinaitwa IRE1, kikiwaka kinaenda kwenye RNA mjumbe, yaani nakala ya maagizo ya jeni, ya jeni iitwayo XBP1 na kuikata kipande cha herufi 26 tu, ncha zinaungwa tena, usomaji wote unahama na inapatikana protini mpya yenye nguvu ya kuwasha jeni za kupanua retikulamu na kuongeza wasaidizi wa kukunja protini. Na utanuzi huu unaanza kabla mafuriko ya kingamwili hayajafika, seli haisubiri izidiwe ndo ijipange. Mwaka 2001 watafiti walionyesha panya ambao seli zao za kinga zimekosa XBP1 wanabaki na kingamwili kidogo mno kwenye damu. Herufi 26 jamani.

Ukishaelewa hivyo ndo unaelewa kwa nini bortezomib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, inafanya kazi kwenye mailoma, ambayo ni saratani ya hizi hizi seli za plazma. Inaziba proteasomu. Seli nyingine zinavumilia kiasi, ila hii inayozalisha protini usiku na mchana, zile zilizokunjwa vibaya zinarundikana haina pa kuzipeleka, na inakufa kwa wingi wa kazi yake yenyewe.