Kikoa cha Mbali na Kikombe cha Bibi

Nilipokuwa mtoto, siku ya pili ya Idi nyumbani kwa bibi yangu, Ng'ambo, mjini Unguja, ilikuwa siku ya kikoa. Kila nyumba ya ukoo ilileta chakula chake kikiwa kimefunikwa kawa, kikatengwa juu ya mkeka, nasi sote tukala pamoja. Bibi alipika mkate wa kumimina, mama alipika pilau, mama mdogo alileta mbaazi za nazi, na mke wa ami yangu alileta boko boko, yaani ngano iliyopikwa na kupondwa pamoja na nyama. Hakuna aliyeomba kuandikiwa namna ya kupika, kwa sababu aliyetaka kujifunza aliingia jikoni, akakalishwa juu ya mbuzi akune nazi, na huku akikuna akayaona yote.

Sasa tumetawanyika. Mimi na mama tumebaki Unguja pamoja na bibi, dada yangu anaishi Toronto, ami na watoto wake wako Maskati, na mama mdogo yuko Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini. Miaka minne iliyopita tuliamua kukirudisha kikoa kwa njia nyingine: kwa kuwa chungu hakiwezi kupelekwa, kila nyumba hupeleka mapishi ya chakula chake, na nyumba nyingine hukipika. Hatukuweza kuishika siku yenyewe ya Idi, kwani mwezi hauandami siku moja kwa nchi zote, hivyo tulichagua Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, saa kumi alasiri kwa saa za Unguja. Wakati huo Maskati ni saa kumi na moja, na Toronto ni saa tatu asubuhi, kwa hiyo dada hulazimika kuamka usiku ili awahi kupika. Halafu tunawasha simu, kila mmoja anafunua kawa yake, na tunakula tukionana.

Mwaka wa kwanza niliandika mkate wa kumimina kama bibi alivyonitajia: mchele vikombe viwili, tui kiasi, sukari kiasi, hamira kidogo. Dada aliupika kwa uaminifu wote, na mkate ukatoka umelala bapa, mgumu, hauna hata tundu moja. Alihuzunika sana, na mimi nilidhani kosa ni lake, kwamba pengine ameishi ugenini muda mrefu hata mkono wake umesahau. Dhana hiyo nimekwisha kumwomba radhi kwayo. Ukweli niliupata siku nilipochukua mizani ya jikoni na kuketi karibu na bibi, nikikipima kila alichokishika kabla hakijaingia chomboni. Kikombe chake, ambacho ni cha bati lenye maua na ambacho amekitumia tangu kabla sijazaliwa, kinachukua mililita 180. Kikombe cha kupimia anachotumia dada huko Kanada kinachukua mililita 250. Alitia mchele uliozidi wa bibi kwa zaidi ya theluthi, ilhali tui na hamira vilibaki vilevile, na jikoni kwake siku hiyo kulikuwa na baridi ambayo hamira haiipendi.

Hapo nilielewa kwamba bibi hakuwa akificha kitu aliposema kiasi. Vipimo vyake viko vyomboni mwake na machoni mwake. Kwa karamu kubwa bado anahesabu kwa pishi na kibaba, vibaba vinne kwa pishi moja, vipimo ambavyo wajukuu wake wengi wanavisikia mara moja tu kwa mwaka, inapofika zaka ya fitri. Nilipomuuliza tui ni kiasi gani hasa, alinijibu, "Mwanangu, tia mpaka uone uji umekaa." Mwanzoni jibu hilo lilinikera, kisha nikaona kwamba ndilo lenye faida kuliko tarakimu, ilimradi niandike uji uliokaa unaonekanaje. Kwa hiyo mapishi ninayoyapeleka siku hizi yana mambo mawili kwa kila hatua, yaani uzito na kile kinachotazamwa.

Mkate wa kumimina ninauandika hivi. Roweka gramu 300 za mchele mweupe usiku kucha, na usitumie mchele uliokwisha kuchemshwa kiwandani, kwa sababu nilipoujaribu unga wake ulibaki na chengachenga. Uchuje, kisha usage pamoja na mililita 300 za tui zito, kijiko kimoja cha chai cha hamira na nusu kijiko cha chai cha iliki, hadi ukiusugua kati ya vidole usisikie punje. Anayetumia tui la kopo alitikise kwanza, au alimimine lote katika bakuli na kulikoroga, kwani mafuta hupanda juu na maji yakabaki chini. Uji uwe mzito kama wa vitumbua, unaoteremka kutoka kwenye mwiko kama utepe usiokatika. Ufunike mahali penye joto. Unguja saa moja yatosha, lakini Toronto dada huuweka ndani ya oveni isiyowashwa, taa yake tu ikiwaka, kwa saa moja na nusu au mbili, na dalili ya kuiva kwa hamira ni uso wa uji kujaa mapovu madogo. Ndipo utie gramu 150 za sukari na ute wa yai moja uliopigwa kidogo. Sukari ikiyeyuka huulegeza uji, kwa hiyo anayeuona mzito kidogo kabla ya kuitia asikimbilie kuongeza maji. Dada alilikosea hilo mwaka wa pili, nami ndiye niliyesahau kumwandikia. Pasha moto sufuria nzito yenye vijiko viwili vya mafuta, mimina, na uache moto wa wastani hadi kingo zishike na matundu yatokee juu. Bibi hupalia makaa juu ya kifuniko. Mwenye oveni auingize katika nyuzi 200 hadi uso uwe wa rangi ya dhahabu.

Mapishi ya pilau ya mama nayo yalituonyesha kwamba tunazungumza lugha moja na bado hatuelewani. Mama aliandika bizari, akimaanisha bizari ya pilau, kama kila mtu wa nyumbani kwetu angeelewa bila kuuliza. Binti ya ami, aliyezaliwa Maskati, alikwenda dukani akaomba bizari, akapewa ule mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa pamoja ambao watu wa Ghuba huuita kwa jina hilohilo. Pilau ikatoka na rangi na harufu ya mchuzi. Hakukosea, kwani neno alilopewa lilikuwa na maana nyingine katika mji wake. Tangu siku hiyo tunaandika kwamba ni zile mbegu nyembamba za kahawia ambazo Waarabu huziita kamuni, na kwamba zikaangwe zikiwa nzima pamoja na kitunguu hadi kitunguu kiive rangi.

Mbaazi za mama mdogo zilituharibikia sisi wenyewe wa Unguja. Aliandika muda wa kuzichemsha, tukaufuata, na zikawa rojo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huko huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo mbaazi hukawia kuiva, na muda alioandika ulikuwa muda wa mji wake. Siku hizi anaandika tu kwamba tui lisitiwe mpaka mbaazi ikibanwa kwa vidole viwili ipondeke bila kuacha kiini kigumu.

Boko boko lilitufurahisha kuliko yote, kwa sababu lilirudi nyumbani kutoka mbali. Ni chakula kinachotuunganisha na Omani tangu zamani, ambako hujulikana kama harisi, na mwaka 2023 UNESCO iliuorodhesha ujuzi wa kupika harisi kama urithi wa Omani, Falme za Kiarabu na Saudia. Mke wa ami aliondoka nalo Unguja, amelipika Maskati miaka mingi, na mwaka jana zamu ya kulipika ilituangukia sisi. Maandishi yake yalitaka nusu kilo ya ngano iliyokobolewa na kurowekwa, nusu kilo ya nyama ya kuku isiyo na mifupa, na saa tatu za moto mdogo. Kisha lipigwe kwa mwiko mpaka mwiko ukiinuliwa uvute uzi. Nilipomsomea bibi maneno hayo ya mwisho alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mke wa ami hajasahau kupika.

Kikoa kijacho bibi ametoa visheti, na zamu ya kuvipika ni ya Nairobi. Unga tumekwisha kuupima. Samli bado anaitaja kuwa ni ya kutosha, kwa hiyo kesho asubuhi nitaweka mizani chini ya bakuli kabla hajaanza kuimimina, na mama mdogo atakuwa hewani kwenye simu, akiutazama unga unavyoshikamana mkononi mwa mama yake.