Kuhamisha mashine ya kupasulia mbao

Wiki hii nimeihamisha mashine yangu ya kupasulia mbao kutoka barazani hadi bandani, hapa Isevya, Tabora, kwa kuwa mvua zinakaribia na meza yake ya chuma hushika kutu upesi. Kwanza nilichomoa waya wa umeme, nikaishusha diski, yaani msumeno wake wa duara, chini ya meza, kisha nikafungua mota, ambayo uzito wake huielemeza mashine upande mmoja. Vijana walionisaidia niliwasihi washike fremu, wala si ukingo wa meza. Diski niliiloweka katika mafuta ya taa, kwani utomvu wa paina ulikuwa umegandamana kwenye meno. Wengi hukimbilia kunoa, kumbe meno ni machafu tu.

Ilipokaa mahali pake niliisawazisha kwa pima maji, nikapima umbali kati ya jino moja na mfereji wa meza, kisha nikaizungusha diski na kupima jino lilelile upande wa nyuma, hadi vipimo vikalingana, yaani diski ikawa sambamba na mfereji. Visipolingana, ubao huweza kubanwa na diski na kurushwa kwa nguvu kumwelekea fundi. Leo nimepasua mninga, na mkato umetoka bila alama ya kuungua.