Siku niliyomuuliza mkurugenzi wa michezo nani anaweza kumtoa

Kwenye bili yangu ya chuo kule Marekani kulikuwa na mstari umeandikwa ada ya michezo, dola mia nne na kitu kwa muhula, na mimi muda wote huo nilidhani ni hela ya jimu. Jamaa wa Morogoro niliyekuwa nakaa naye ndo akanicheka, akaniambia jimu ina mstari wake we shuka chini uone, hiyo nyingine ni ya kuwalisha wale wa mpira. Na mpira wenyewe ni ule wa kwao, wa kushika mkononi na kuvaa helmeti. Kumbe vile vyuo vikubwa tunavyoviona kwenye tivii, uwanja unajaza watu laki moja, hao wanajiendesha kwa hela za matangazo na za milangoni, ila hivi vya huku chini, japo viko daraja la kwanza kwa jina, sehemu kubwa ya hela ya timu anatoa mwanafunzi hata kama hajawahi kukanyaga uwanjani. Hata kama katokea Singida, na alichokuwa anajua kuhusu michezo ya vyuo vya Marekani ni mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui basi, kwamba alisoma UTEP, Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, akawa anabeba mataji ya NCAA, kile chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kama hana akili nzuri, na 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow.

Ninayoyasimulia ni ya Novemba 2018. Chuo sikitaji, mji sitaji, wengine bado wako pale.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kitengo cha chakula cha chuo, ile ya kuvaa shati jeupe na aproni nyeusi unapanga vikombe kwenye mikutano ya wakubwa. Jumanne hiyo jioni tukapangwa ukumbi wa juu kwenye jengo la mpira wa kikapu, kikao cha mkurugenzi wa michezo na mashabiki. Tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja wa Bukavu, na tulichopewa kugawa ni kahawa, biskuti za chokoleti kubwa kama kiganja na vikombe vya karatasi vyenye nembo mpya. Hiyo nembo nayo ilikuwa sehemu ya ugomvi, walikodi kampuni ya nje iwachoree mnyama yuleyule wa zamani ila sasa hivi kakasirika zaidi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Timu ilikuwa imeshinda mechi mbili msimu mzima. Septemba ilienda kucheza ugenini na chuo kimoja kikubwa, zile mechi ambazo mdogo analipwa aende akapigwe, mkubwa anapata ushindi wa bure nyumbani na mdogo anarudi na cheki, siku hizi inavuka hata dola milioni. Ukilalamika wanakutajia chuo kidogo cha Appalachian State, kwamba 2007 walilipwa dola 400,000 waende kwa wakubwa Michigan wakapigwe, wakashinda 34 kwa 32. Sawa, lakini hiyo ilitokea mara moja, ndo maana mpaka leo wote tunaijua. Sisi tulipigwa kama tulivyolipwa. Afu Jumapili moja ya Novemba kocha akafukuzwa. Na hapo ndo watu walipowaka, maana mwaka mmoja tu nyuma, timu ilipofanya vizuri kidogo, mkurugenzi huyuhuyu alimuongezea kocha mkataba wa miaka mingine. Na kule ukimfukuza kocha mkataba haufi, unaendelea kumlipa huku yeye yuko kwake anakata majani. Hela zetu zilikuwa ndogo, msije mkadhani, miaka miwili baadae chuo cha Auburn walimlipa kocha wao Gus Malzahn zaidi ya dola milioni 21 aondoke, na 2023 Texas A&M wakavuka milioni 75 kwa kocha wao Jimbo Fisher. Ila wale wana wafadhili wa mafuta. Sisi tulikuwa na mimi na jamaa wa Morogoro.

Basi mkurugenzi akaingia, suti ya bluu, soksi za rangi za chuo, anasalimia watu kwa majina. Kwa kweli alikuwa anaongea vizuri, nyie acheni tu. Akawasha slaidi. Slaidi ya kwanza picha ya vyumba vipya vya kubadilishia nguo, ya pili duara duara zimeunganishwa na mishale, ya tatu imeandikwa safari yetu. Watu kama mia na hamsini hivi wamekaa kimya wanatafuna biskuti, wengi wazee, jaketi za chuo za miaka ya nyuma zile zimechakaa viwiko. Mbele kabisa kulikuwa na mzee mmoja mnene, mstaafu wa kiwanda cha matairi, huyo nilikuwa namfahamu maana kila kikao anaomba kahawa nyeusi vikombe viwili kwa mpigo. Tiketi ya msimu alirithi kwa baba yake. Kaja na bahasha ya kaki.

Maswali yalipofunguliwa akasimama yeye. Akatoa karatasi kwenye bahasha, akasoma maneno aliyosema mkurugenzi siku ile anaongeza mkataba wa kocha, neno kwa neno, afu akasoma aliyosema Jumapili anamfukuza. Hakuongeza la kwake. Akauliza tu, huyu wa kwanza na huyu wa pili ni mtu mmoja? Ukumbi ukacheka, mkurugenzi akacheka nao, akasema anaheshimu sana hisia za mashabiki na kwamba kila mtu humu anataka kushinda. Mama mmoja akauliza ile hela ya mechi ya Septemba imeenda wapi, akajibiwa imeenda kwenye bajeti ya jumla. Kijana mmoja mwanafunzi akauliza ada ya michezo itapanda? Akajibiwa hilo liko kwenye mchakato. Mchakato! Nikajisikia nyumbani kabisa.

Yule mzee akasimama tena, safari hii sauti inakwama, anasema baba yake alizikwa na skafu ya timu hii, na machozi yanamtoka waziwazi mbele za watu. Mama wa Bukavu akanisogelea akaninong'oneza, "Mutoto yangu, ule muzee iko nalia juu ya mupira?" Nikamwambia ndio mama. Akatikisa kichwa akampelekea biskuti mbili kwenye tishu.

Sa mimi pale nimesimama na jagi la kahawa, kichwani niko Dar. Baba yangu mdogo ni mwanachama wa Yanga mwenye kadi, na msimu huohuo hali ya hela klabuni ilikuwa mbaya mpaka kocha Mwinyi Zahera mwenyewe akawa anahamasisha watu wachange, na baba mdogo alikuwa anachanga huku anatukana, anachanga anatukana, ila anajua siku ya mkutano mkuu anaingia na kadi yake anapiga kura, na uongozi usipomfurahisha siku ile basi matawi yatakaa vikao vya pembeni mpaka kieleweke. Mimi ni mtu wa hivyo. Kwetu shabiki analia, sawa, lakini akimaliza kulia anauliza uchaguzi lini. Hapa naona watu wazima wamechangia timu maisha yao yote, wanalia, na hakuna hata mmoja anayeuliza huyu bwana anatokaje.

Nikanyoosha mkono. Na aproni yangu.

Msimamizi wangu alikuwa mlangoni, nilimuona anavyonikodolea macho ila mkono ulishakuwa juu, na mkurugenzi nadhani alifurahi kuona mtu mpya, akasema karibu. Nikasema mimi ni mwanafunzi, nalipa ada ya michezo, nilikotoka klabu zina wanachama na wanachama wanachagua viongozi. Je hapa, kama hawa watu wote humu ndani hawakutaki, nani anaweza kukutoa? Niliuliza kwa adabu kabisa, jamani, wala sikuwa na kejeli, nilitaka kujua utaratibu.

Kimya. Afu makofi, mpaka mwingine anapiga meza. Mkurugenzi akasubiri yaishe, akajibu, na nampa haki yake alijibu kweli bila kuzunguka: anaripoti kwa rais wa chuo, rais anaripoti kwa bodi, na wajumbe wa bodi wengi wao wanateuliwa na gavana wa jimbo. Mzee wa bahasha akageuka akaniangalia, akasema kwa sauti, kwa hiyo nimpigie gavana. Watu wakacheka tena ila kile kicheko kilikuwa kimechoka.

Kikao kilipoisha msimamizi akanipeleka jikoni akaniambia mhudumu haulizi maswali, na wiki ile nikaondolewa kwenye shughuli za wakubwa nikapelekwa kuosha sahani. Mama wa Bukavu alinitetea kwa Kifaransa, msimamizi hakuelewa hata neno. Yule mzee lakini alinisubiri nje kwenye baridi, akaniuliza habari za hizo kadi, wanachama wangapi, kura zinapigwaje, na mimi nikawa namuelezea Jangwani na Msimbazi pale pale kwenye theluji, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, namwambia na kwetu viongozi wanaboronga vilevile, tusidanganyane, ila angalau mnaborongewa na mtu mliyemchagua. Akacheka sana. Kuanzia siku hiyo akawa ananiita Yanga.

Akanipa tiketi ya Jumamosi, mechi ya mwisho nyumbani. Akaniambia usiingie nayo. Nikashangaa. Akasema njoo tu.

Nilikuta pakingi ya uwanja imejaa, pikapu zimefunguliwa nyuma, majiko ya gesi, soseji, watu na majaketi yao kama kawaida ya siku ya mechi, ila muda wa kuanza ulipofika hakuna aliyenyanyuka. Walikaa hukohuko nje wanasikiliza redio ya gari. Wenyewe walishapiga hesabu. NCAA kipindi hicho ilikuwa na sheria kwamba chuo cha daraja lile la juu la mpira lazima wastani wa watazamaji ufike 15,000 nyumbani walau mara moja kila miaka miwili, siku hizi wameifuta, na mzee akanielezea ujanja wake huku anageuza soseji: kinachohesabiwa si lazima kiwe kichwa, inaweza kuhesabiwa tiketi iliyouzwa, kwa hiyo kuna vyuo vinatafuta mtu wa kununua tiketi maelfu kwa bei ya kutupa, na hakuna mtu anayezikalia. Akasema wewe kuingia au kutokuingia kwenye karatasi ni sawa tu, ila kwenye kamera ya tivii si sawa. Na mechi ilikuwa inaonyeshwa. Hiyo ndo kura yao, nikaelewa.

Robo ya tatu mtangazaji wa uwanjani akatangaza idadi ya watazamaji, spika zinasikika mpaka kule tulipo. Elfu kumi na tano na mia kadhaa. Sijawahi kusikia pakingi inacheka vile, watu wanapigana mabega, mmoja anapiga honi, anahesabu kwa kidole moja, mbili, tatu, mimi simo, wewe humo, haya hao elfu kumi na tano ni nani? Niliruka kwenye boneti ya pikapu nikachungulia juu ya ukingo, upande wa jua kulikuwa na bendi ya chuo, wazazi wa wachezaji, na viti vya chuma. Tulifungwa tena, matokeo hata sikumbuki.

Nilidhani patachimbika. Hapakuchimbika. Bodi ikakaa, ikatoa tamko kwamba ina imani na uongozi, kampuni ya kutafuta makocha ikalipwa ikaleta kocha mpya, kocha mpya akaja na slaidi zake. NCAA wenyewe hesabu zao za 2019 zilionyesha ni kama vyuo 25 tu kwenye daraja lile ndo michezo yao iliingiza kuliko ilivyotumia, wengine wote wanabebwa na mtu, na mtu huyo ukimtafuta ni mwanafunzi au mlipa kodi. Korona ilipoingia vyuo kibao vikaanza kufuta timu ndogo ndogo, za riadha, tenisi, kuogelea, na kule Stanford waliotangaza kufuta michezo 11 mwaka 2020 walirudi nyuma mwaka uliofuata baada ya wachezaji na waliosoma zamani pale kucharuka. Kwa hiyo inawezekana kumbe. Ila wale ni Stanford, waliosoma pale wana wanasheria.

Mkurugenzi wetu hakufukuzwa na mtu. Aliondoka mwenyewe kwenda chuo kikubwa zaidi, na kwenye barua ya kuaga akaandika kwamba idara anaiacha ikiwa imara kuliko alivyoikuta. Mimi nilishahama mji. Mzee akanitumia picha ya ile barua kwenye simu, kaiprinti kabisa, neno imara kalizungushia kalamu nyekundu, na chini kaandika: Yanga, katoka. Nikampigia kumpongeza, nikakuta ameshatafuta chuo alichohamia, anasoma majina ya mashabiki wao mtandaoni, anataka kuwatumia ile bahasha.