Namba za ethanoli zilivyokuwa zinazama kila alfajiri

Mashine yangu ya kupima mvuke wa pombe (ethanoli) hewani ilinisumbua wiki mbili, mchana inasoma fresh tu, ikifika alfajiri namba zinazama karibu na sifuri halafu jua likitoka zinapaa ghafla, nikajua ni moshi wa magari ya asubuhi huo. Wapi! Kuchungulia ule mpira wa kuvutia hewa nikakuta vitone vya maji, na ethanoli na maji ni damdam, inayeyukia humo, ikipata joto inarudi hewani. Nikaweka bomba fupi la tefloni, ile plastiki isiyonasa vitu, nikalizungushia waya wa kupasha joto mpaka nyuzi 50 hivi, namba zikatulia. Ila usifungue boksi ukiwa umepaka sanitaiza, siku moja nilijipima mikono yangu mwenyewe mpaka jioni.