Siku moja na mimi, wakili wa kesi za kila aina hapa Kakamega

Watu huniuliza sana mimi ni wakili wa nini hasa, na jibu ni kwamba mimi si wa kitu kimoja. Nairobi unaeza pata wakili anafanya mambo ya kodi peke yake ama ya mabenki peke yake, lakini hapa Kakamega ukifungua ofisi unafanya shamba, mirathi, talaka, ajali ya boda, mtu amefutwa kazi, mtu ameshikwa, agrimenti ya ploti, zote zinaingia na mlango mmoja na mara nyingi siku moja. Sasa acha niwaandikie siku yangu ya wiki jana venye ilienda. Nimebadilisha vitu kadhaa wateja wasijulikane, juu siri ya mteja haiishi hata kesi ikiisha.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi niko macho, chai, watoto wajiandae, na hapo kwa meza naangalia orodha ya kesi za siku kwa simu nijue niko mbele ya hakimu gani na niko namba ngapi. Saa moja niko ofisini. Karani wangu ashafika, mafaili yamepangwa, na yeye ndiye anajua kila tarehe, na tarehe kwa hii kazi ndio kila kitu. Mtu aliumizwa kwa ajali ana miaka 3 ya kushtaki. Deni la mkataba ni miaka 6. Shamba ni miaka 12. Mtu anakuja ofisini na haki yake yote, ushahidi anao, mashahidi wako, lakini amekuja mwaka wa nne baada ya ajali na ni mimi nafaa kumwambia mlango umefungwa. Hiyo ndio inaniuma kuliko kushindwa kesi.

Tuko na msichana anafanya pupilaji kwetu, yaani mafunzo ya kazi kabla ya kuwa wakili, na kwa vile kuna vijana wengi huniuliza njia ni gani, ni hivi: digrii ya sheria miaka 4, halafu Kenya School of Law na mitihani yake, halafu miezi 6 ya pupilaji chini ya wakili mzoefu, ndio unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Na hata ukishaapishwa huendi kufungua ofisi yako kesho yake, sheria inataka ufanye kwanza miaka 2 ukiwa umeajiriwa chini ya wakili mwingine. Cheti cha kufanya kazi unakata kila mwaka. Wewe mteja unaeza kuangalia jina la wakili wako kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, kama ako sawa mwaka huu, tafadhali fanya hivyo kabla hujampa mtu pesa, kuna watu wanavaa suti na kukaa nje ya korti wakijiita mawakili na hawajawahi kuapishwa.

Saa mbili na nusu nina kesi ya kutajwa Busia, nafunga mlango nafungua laptopu, korti iko mtandaoni. Kabla ya 2020 hii ingekuwa safari, unatoka na matatu ya alfajiri, unakaa kwa benchi, unasimama dakika mbili kupewa tarehe ingine, na mteja ndiye analipia siku yako yote. Sasa nimemaliza Busia saa tatu kasoro na natembea tu hadi korti ya Kakamega. Mimi naona hii ndio kitu imesaidia watu wa huku zaidi ya mageuzi mengine yote ya korti.

Saa tatu na kitu tunaanza kusikizwa kwa kesi ya jinai. Mteja wangu ni kijana ameshtakiwa kuvunja duka usiku, na shahidi anasema alimwona. Kesi za usiku ziko na maswali yake na ukiyakosa mtu anaenda jela: taa ilikuwa ya aina gani, ilikuwa imewekwa wapi, yeye alikuwa amesimama wapi, alimwona uso ama mgongo, kwa muda gani, na swali kubwa kabisa, ukienda kuripoti polisi mara ya kwanza ulimtaja jina? Mahakama ya Rufaa imesema mara nyingi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu gizani lazima uchunguzwe kwa makini sana kabla mtu ahukumiwe kwa huo. Shahidi akasema taa ilikuwa tochi, na tochi alikuwa ameshika yeye mwenyewe, na mwizi alikuwa anakimbia akimpa mgongo. Tukasoma OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ripoti ya kwanza imesema watu wasiojulikana. Sikupiga kelele, hakuna haja ya kupiga kelele, nilirudia tu maneno ya OB pole pole hakimu akiandika. Bado kuna askari mpelelezi hajatoa ushahidi kwa hivyo tukapewa tarehe ingine. Mamake huyo kijana alinishika mkono pale nje akaniuliza, wakili, ataachiliwa? Nikamwambia mama, ushahidi wa leo ulikuwa mzuri kwetu, lakini anayeamua ni hakimu, mimi siwezi kukuahidi. Wakili yeyote anakuahidi ushindi, mkimbie.

Saa sita nimerudi ofisini na hapa ndio roho ya kazi yangu iko. Kuna mama ameningoja tangu saa nne, ametoka upande wa Shinyalu, ana mfuko wa karatasi amezikunja vizuri. Mulembe wakili. Mulembe mama, karibu ukae. Baba yake alifariki miaka ya tisini, taito ya shamba mpaka leo iko kwa jina la marehemu, na kaka zake wameuza kipande kile cha kando ya barabara bila kumuuliza. Akaniambia, mwanangu, wameniambia msichana akishaolewa hana shamba kwa baba yake, ni ukweli?

Nimeulizwa hili swali na wamama wengi sana na sitachoka kulijibu. Si ukweli. Sheria ya mirathi ya Kenya imekuwa ikitumika tangu 1981 na inasema mtoto, haisemi mtoto wa kiume, haisemi ambaye hajaolewa. Mahakama ya Rufaa ikikaa Eldoret 2005 ilikataa kuwapa mabinti kidogo eti juu wataolewa, na Katiba ya 2010 ikaja kufunga huo mjadala kabisa. Na baba yake alikuwa na wake wawili, hiyo pia sheria imeishughulikia, inahesabu watoto wa kila nyumba, mjane kama ako hai anaongezwa kama mmoja kwa nyumba yake, halafu mali inagawanywa kulingana na hiyo hesabu. Kwa hivyo nyumba yenye watoto saba haipati sawa na nyumba yenye watoto wawili, na hapo watu wengi hushangaa.

Na wale kaka waliouza? Mpaka korti itoe hati ya usimamizi, hakuna mtu ana nguvu ya kuuza hata futi moja ya shamba la marehemu. Hata mtoto wa kwanza hana, hata mjane hana. Kufanya hivyo ni kosa la jinai, faini mpaka shilingi 10,000 ama kifungo mpaka mwaka 1 ama yote mawili, na yule mnunuzi amelipa pesa na taito hana. Lakini mama alinikatiza hapo, akasema hataki kaka zake wafungwe, anataka tu jina lake liwe ndani. Nikampenda kwa hiyo. Tukakubaliana hivi: kwanza tunafanya sachi, yaani kuangalia rekodi za ofisi ya ardhi, tuone green card (kadi ya historia ya shamba) inasema nini, tunaweka koshen (zuio) kwa hilo shamba lisisogezwe, naandikia kaka zake barua ya heshima, tunakaa na wao na wazee wa ukoo. Barua ya chifu lazima itaje watoto wote, mabinti wakiwa ndani. Wakikubali tunafaili pamoja. Wakikataa kufungua mirathi, korti inaeza kuwaita rasmi waifungue ama wamwachie yeye aifungue.

Nilimwambia pia muda, juu watu hudhani ni wiki mbili. Ukishafaili, tangazo linatoka kwa Gazeti Rasmi la serikali na linakaa siku 30 mtu akiwa na pingamizi alete. Ndio hati inatoka. Halafu kwa kawaida ni miezi 6 tena ndio hati ithibitishwe na kila mtu aandikwe anapata nini. Ni baada ya hapo unaenda ofisi ya ardhi kugawanya. Na hiyo ni kama hakuna mtu anapinga. Familia zikikaa miaka thelathini bila kufanya hivi, watoto wanakufa, wajukuu wanaingia, cheti cha kifo kimoja kinakuwa vyeti vitano, na gharama inapanda kama moshi.

Chakula, ugali na mrenda haraka haraka hapo chini. Saa nane mwalimu mmoja na muuzaji wake wamefika, wanataka agrimenti ya ekari moja upande wa Lurambi, na mwalimu ana pesa zote tayari, anataka kulipa leo leo. Nikasema mwalimu, leo hulipi. Kwanza namwakilisha mnunuzi, kwa hivyo nilimwambia muuzaji atafute wakili wake. Pili sachi haijafanywa. Tatu bibi ya muuzaji ako wapi, idhini yake lazima iwe kwa maandishi. Nne ni shamba la kilimo, bila konsenti (idhini) ya bodi ya ardhi hiyo biashara ni bure kabisa kisheria, na ombi la konsenti linafaa kupelekwa ndani ya miezi 6 ya agrimenti. Tano kuna ushuru wa stempu, asilimia 2 mashambani na asilimia 4 mjini, sasa lazima ujue shamba liko upande gani wa mpaka kabla ya kupiga hesabu zako. Mwalimu alinuna kidogo. Sijali, pesa ya akiba ya miaka yake yote siwezi kuiacha iende kwa karatasi moja ya agrimenti. Na ikishalipwa kupitia kwangu inakaa kwa akaunti ya wateja, haichanganyiki na pesa ya ofisi hata siku moja, hiyo ni sheria na kwangu ni heshima pia.

Mvua ya Kakamega mnaijua, saa tisa ikashuka na watu wakajazana kwa mapokezi. Wawili walikuwa na shida zao. Wa kwanza jamaa amefutwa kazi kwa meseji ya simu. Nikamuuliza, uliitwa ujitetee? Uliambiwa kosa ni gani? Uliruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzako? Yote hapana. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka hayo kabla mtu afutwe kwa kosa ama utendaji, na korti inaeza kumpa fidia mpaka mshahara wa miezi 12, ingawa kufika 12 si rahisi na sikumdanganya. Wa pili kijana wa boda aliyegongwa na gari, ana abstrakti ya polisi (karatasi yao ya ajali), P3 (fomu ya polisi ya majeraha) imejazwa, karatasi za hospitali anazo zote, vizuri sana. Akaniambia wakili tulipane tu tukishinda. Hapana ndugu, sheria ya mawakili inakataza mimi kukubaliana na wewe kwamba nalipwa ukishinda pekee. Tunaeza kupanga ulipe pole pole, na ukiwa huna kabisa nitakuelekeza kwa huduma ya msaada wa kisheria ya serikali iliyoundwa na sheria ya 2016.

Kuna mwingine alipiga simu anadai shilingi 80,000 za mahindi aliyouza, nikamwambia hii hata wakili si lazima. Korti ya madai madogo inachukua mpaka shilingi milioni 1, unajisimamia mwenyewe, na inafaa kuisha ndani ya siku 60. Nilimweleza fomu na kumwacha aende. Ni kazi ambayo hailipi lakini mtu akilipa wakili karibu nusu ya deni lake amepata nini?

Kutoka saa kumi mpaka saa kumi na mbili ni kuandika. Hakuna mtu huona hii sehemu lakini ndio kubwa. Afidaviti, majibu ya madai, barua ya kaka za mama wa Shinyalu ambayo niliiandika mara ya pili juu ya kwanza ilikuwa kali sana, na ombi la matunzo ya mtoto ambapo baba anasema hakuoa kwa hivyo hahusiki. Katiba inasema wazazi wote wawili wana jukumu sawa, wawe wameoana ama hawajaoana. Tunafaili kwa mtandao siku hizi, malipo kwa simu.

Saa moja na nusu usiku simu, kijana wa jirani ameshikwa, amewekwa seli. Nikaenda. Nikapata namba ya OB, nikaongea na mkubwa wa kituo kwa adabu, nikauliza kosa. Mtu akishikwa lazima apelekwe kortini ndani ya masaa 24, na kama kosa lake ni la faini tu ama kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba haitaki awekwe rumande. Alitoka na bondi ya polisi. Nilimwambia mamake, hiyo bondi hailipiwi, na kama siku ingine ataambiwa aweke pesa taslimu kama dhamana basi aitishe risiti, hizo pesa hurudishwa kesi ikiisha kama hajatoroka.

Saa tatu usiku najibu meseji, na karibu zote ni za mashamba ya marehemu, kwa hivyo naandika jibu hapa mara moja. Ukikuja kwa wakili kwa hiyo shida beba cheti cha kifo, barua ya chifu kama unayo, namba ya taito ama kopi yake, majina ya watoto wote wa marehemu na wake zake wote, walio hai na waliofariki, na kopi za vitambulisho. Kama hati zingine zimefungiwa na ndugu yako, wewe kuja tu, namba ya shamba peke yake inatosha kuanza sachi.